Wanaoitwa diski ikishakufa

Septemba 2026 diski kuu ya kompyuta inatimiza miaka 70. IBM iliitangaza Septemba 1956 ikiwa sehemu ya mashine iliyoitwa 305 RAMAC, kazi ya kikosi kilichoongozwa na Reynold Johnson mjini San Jose, California. Lilikuwa kabati zima: sahani 50 za alumini zenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na uzito uliozidi tani moja. Rangi ya oksidi ya chuma iliyopakwa kwenye sahani hizo ilichujwa kwa soksi ndefu za akina mama ili isibakie chembe. Kabati lote lilibeba herufi milioni 5. Picha moja uliyopiga jana kwa simu yaweza kulijaza.

Makala za maadhimisho zitahesabu jinsi uwezo huo ulivyopanda hadi diski ya kushika kiganjani inayobeba maktaba kwa maktaba. Hesabu hiyo ni ya kweli, na imeandikwa sana. Isiyoandikwa sana ni habari ya upande wa pili. Diski ilipoanza kututunzia kumbukumbu ilianza pia kuzipoteza, na ukazuka ufundi mzima wa kuzirudisha.

Ugonjwa wa diski umo katika umbile lake. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani, bali huelea juu yake. Katika RAMAC kilielea kwa hewa iliyosukumwa na kompresa, na nafasi kati yake na sahani ilikuwa finyu kuliko unene wa unywele. Kila wahandisi walipotaka kubana herufi nyingi zaidi, walilazimika kukisogeza karibu zaidi. Leo nafasi hiyo ni nanomita chache tu, na alama ya kidole ni mlima wa kujigonga. Ndiyo maana diski hufungwa kiwandani na mwenye nayo huonywa asiifungue.

Miaka ya 1960 na 1970 twaweza kuipita haraka. Kompyuta zilikuwa za mashirika makubwa, mhandisi wa kampuni alikuja na mkoba wake, na nakala zilikaa kwenye kanda za sumaku. Mwaka 1973 IBM ilitoa diski ya 3340, maarufu kwa jina la Winchester, iliyofungia vichwa na sahani ndani ya kasha moja. Mwaka 1980 Seagate ikaleta diski ndogo ya megabaiti 5 kwa kompyuta za mezani. Kuanzia hapo mhasibu, wakili na daktari kila mmoja akawa na diski yake, bila mhandisi wa kumwita.

Aliyewaokoa kwanza alikuwa mtu aliyejikwaa mwenyewe. Mwaka 1982 mtunzi wa programu Peter Norton alifuta faili aliyokuwa akiihitaji. Badala ya kuiandika upya, akatunga programu ya kuirudisha. Alijua kwamba DOS, mfumo ulioendesha kompyuta hizo, ikiambiwa ifute faili, haigusi yaliyomo. Huenda kwenye orodha ya majina, ikafunika herufi ya kwanza ya jina kwa alama maalumu, kisha ikatangaza kwamba pale ilipokaa faili pako wazi. Faili ya MSHAHARA ikawa ?SHAHARA, na hesabu zote za ndani zikabaki zilipokuwa, zikisubiri faili nyingine ije izikalie. Programu ya Norton ilikuorodheshea majina hayo yaliyokatwa kichwa, ikakuuliza herufi ya kwanza ilikuwa ipi, nawe ukabonyeza M. Mwaka 1990 aliiuza kampuni yake kwa Symantec, na picha yake akiwa amekunja mikono kifuani ikazunguka dunia kwenye maboksi ya programu. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatia zana ya namna hiyo ndani ya MS-DOS 5.0.

Ujanja huo hufaa diski ikiwa nzima. Ikiugua yenyewe ni kazi nyingine. Mlio ambao mafundi wote wanaujua, tik, tik, tik, hutoka pale kichwa kinapotafuta alama za njia kwenye sahani, kikazikosa, kikarudi pembeni na kujaribu tena. Kila jaribio laweza kuwa mkwaruzo mpya. Mwenye diski, kwa kiherehere, huzima na kuwasha, akazima na kuwasha, huku akisaga data zake mwenyewe.

Watu walibuni dawa zao. Katika diski nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 kichwa kiliweza kunata kwenye sahani iliposimama, na kuigonga diski kidogo ubavuni kulikibandua kweli. Tiba hiyo ilidumu kuliko ugonjwa wake. Hadi leo wako wanaoigonga diski ya kisasa, na wengine huifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuilaza kwenye friza usiku kucha. Wanapoitoa katika joto la pwani, umande hutanda ndani, na fundi hupokea diski yenye maradhi mawili.

Kampuni za kazi hii zilianza kuchipuka Marekani katikati ya miaka ya 1980. Ontrack ya Minnesota, iliyoanzishwa 1985, ilianza na programu ya kuandaa diski mpya, kisha ikageukia kufufua zilizokufa. Walijenga vyumba vyenye hewa iliyochujwa vumbi na kuweka akiba ya diski kuukuu za kila aina kwa ajili ya vipuri, kwa kuwa kichwa kikifa hupandikizwa kingine kutoka kwa diski ya toleo lile lile. Mwaka 2002 kampuni hiyo ilinunuliwa na Kroll. Mwaka uliofuata, jina likiwa Kroll Ontrack, ilipokea mzigo ambao hadi leo mafundi wa fani hii huutaja.

Asubuhi ya 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilivunjika juu ya Texas kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa. Vilikusanywa vipande zaidi ya 80,000. Kimojawapo kilikuwa bonge la chuma lililoungua, lililokaa miezi kama sita kwenye ziwa lililokauka. Ninachosimulia hapa kinategemea zaidi maelezo ambayo Jon Edwards, mhandisi wa Kroll Ontrack, aliwapa waandishi wa Marekani mwaka 2008. Kwa maelezo yake, lililofika mezani kwake lilikuwa mapande mawili ya chuma yaliyogandana, na hakuna ambaye angelitazama akalitambua kuwa diski.

Ndani yake kulikuwa na majibu ya jaribio la fizikia. Wanasayansi wa Marekani walitaka kujua kama gesi ya zenoni, ikiwa kwenye joto na mgandamizo ambapo mpaka wa kimiminika na gesi hutoweka, hulegea inapokorogwa, jinsi rangi ya ukutani inavyolainika chini ya brashi. Duniani jaribio hilo haliendi vizuri, kwa sababu uzito wa gesi yenyewe huibana iliyo chini yake. Ndiyo maana lilipandishwa angani, na vipimo vikaandikwa kwenye diski ya Seagate.

Edwards na wenzake walikuta bodi ya saketi imeungua. Kizuizi cha vumbi upande mmoja kilikuwa kimeyeyuka, na uchafu ulikuwa umeingia hadi kwenye sahani na kuzichimba vishimo. Lakini sahani zenyewe hazikupinda. Walizitoa, wakazisafisha kwa dawa, wakazipandikiza ndani ya kasha la diski nzima. Ikazunguka. Kwa siku mbili walinyonya kilichokuwamo, wakapata asilimia 99.

Magazeti yaliandika habari hiyo kama muujiza wa teknolojia. Edwards alitaja sababu za kawaida kabisa. Diski ilikuwa imejaa nusu tu, na kompyuta ya jaribio lile ilitumia DOS, mfumo wa kizamani unaopanga data kwa mfululizo badala ya kuzitawanya. Vishimo vilichimbika zaidi upande usio na kitu. Na kuna sehemu ya habari ambayo wasimulizi huiruka: kwenye mabaki ya Columbia zilipatikana diski nyingine mbili, nazo zikaletwa kwa Edwards vilevile. Hazikutoa hata herufi. Moto ulikuwa umeua usumaku wa sahani. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya vipimo vya zenoni ilikuwa imeshatumwa duniani kwa redio wakati chombo kikiwa bado angani. Matokeo yalichapishwa Aprili 2008 katika jarida la Physical Review E. Mimi naona waliofikiri kutuma nakala mapema walistahili angalau nusu ya sifa.

Wakati mafundi hawa wakihangaika kurudisha, watu wengine walikuwa na hofu ya kinyume, kwamba data hazifutiki. Mwaka 1996, katika mkutano uliofanyika San Jose, Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland alieleza kwamba mabaki ya sumaku yangeweza kusomwa hata baada ya kuandikwa juu yake. Akapendekeza mpangilio wa kuandika mara 35. Watengenezaji wa programu za kufutia wakaidaka namba hiyo. Gutmann mwenyewe alilazimika kufafanua kwamba mpangilio ule ulikusanya dawa za aina zote za diski za wakati ule, na hakuna diski moja iliyozihitaji zote. Watu, alilalamika, wameugeuza uganga wa kufukuzia pepo. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikasema kwa diski nyingi za kisasa kuandika juu mara moja kunatosha. Mwaka 2008 Craig Wright na wenzake wakapima na kukuta kwamba kubahatisha biti moja iliyofutwa hivyo hakupishani sana na kurusha sarafu. (Ndiye yule Wright aliyejidai kuwa mwasisi wa bitkoini hadi mahakama ya London ikamkatalia mwaka 2024. Vipimo vyake vya diski havikuhusika na kesi hiyo.)

Ugomvi wa wataalamu ulihusu kuandika juu mara ngapi. Uraiani watu hawaandiki juu hata mara moja. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa MIT, walinunua diski 158 za mtumba. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na kwenye taarifa yao ya 2003 walisema 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye nyingine walikuta barua za watu, habari za wagonjwa na namba zaidi ya 5,000 za kadi za benki. Mwaka 2009 waandishi wa kipindi cha Frontline cha Marekani walinunua diski kuukuu nchini Ghana, na ndani yake wakakuta nyaraka za kampuni ya silaha ya Northrop Grumman.

Habari hiyo inatuhusu, maana njia ile ile ya makontena hufika Mombasa na Dar es Salaam. Kompyuta ya mtumba unayoinunua Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ilikuwa ya mtu huko Ulaya, na ile ambayo ofisi yako inaiuza baada ya miaka mitano itakuwa ya mtu hapa hapa. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hata hivyo, kwa wengi kufomati mara moja kwa haraka ndiko bado huitwa kufuta, wakati kwa fundi mwenye programu kama PhotoRec, inayotolewa bure, kuzirudisha data hizo ni kazi ya mchana mmoja.

Mafundi wetu wa hapa tunawabeza bila haki. Wengi wao hawana chumba cha hewa safi, kwa kuwa ni ghali mno, na kupata diski ya kutolea vipuri ni kubahatisha. Walicho nacho ni subira na zana kama ddrescue, nayo ya bure, ambayo huinakili diski mgonjwa kwa kuanza na sehemu zinazosomeka, ikaziruka zenye matatizo, kisha ikazirudia kidogo kidogo huku ikitunza ramani ya ilikopita. Fundi mzuri hafanyi lolote juu ya diski yenyewe kabla ya nakala hiyo. Anayekimbilia bisibisi ni wa kumkimbia.

Kuhusu miaka kumi na mitano iliyopita nina machache ya kusema, na ufundi wenyewe umekuwa ukibanwa. Diski nyingi mpya hazina sahani wala kichwa, ni chipu tupu. Ukifuta faili, kompyuta huiarifu diski, nayo huondoa yaliyomo kwa wakati wake bila kukuuliza, kwa hiyo ujanja wa Norton wa herufi ya kwanza haufui dafu. Simu nazo hufunga kila kitu kwa ufunguo, na chipu ikitolewa kwenye bodi hutoa vurugu isiyosomeka. Zamani fundi alikuuliza kwanza kama diski imeanguka au imepigwa na umeme. Siku hizi anaanza kwa kuuliza kama unaikumbuka nywila, na kama data zako ziko mahali pengine popote, hata kwenye barua pepe uliyowahi kumtumia mtu.