Mvinyo wa Venice

Mwaka 1992, Geoffrey Wright alitoa Romper Stomper, filamu ya maskinhedi wa Melbourne, wale vijana wa kunyoa upara wanaowapiga Wavietnamu mtaani Footscray. Kwenye runinga ya SBS, David Stratton alikataa kabisa kuipa alama. Alihofia itachochea fujo za ubaguzi. Mwenzake, Margaret Pomeranz, aliisifu. Miaka miwili baadaye, kwenye tamasha la Venice, Wright alimwagia Stratton mvinyo.

Watu hupenda kusimulia huo mvinyo. Mimi kilichonishika ni ile mbio ndefu. Wavietnamu wamechoka kupigwa, wamekuja wengi, na maskinhedi wanatoroka. Kamera inatoroka nao. Nilijipata nahema pamoja na Hando, kiongozi wao anayeigizwa na Russell Crowe, eti nataka apate mlango wa kupitia. Jamaa anayemsomea msichana Mein Kampf! Wanaomkimbiza, watu ambao familia zao zilihamia Australia baada ya vita kuisha 1975, karibu hawapewi maneno ya kusema.

Watetezi wa Wright husema genge linajimaliza lenyewe. Kweli, linaisha vibaya. Lakini kabla ya huo mwisho umeshakaa upande wao zaidi ya saa nzima, na ukikaa na mtu hivyo unaanza kumwonea huruma. Ningekuwa Stratton ningeipa alama, tena za juu, maana imetengenezwa vizuri mno. Ila ningekuwa kijana Mvietnamu wa Footscray mwaka ule, sidhani ningengoja taa za sinema ziwashwe.