Infraredi si "miale ya joto"

Anayetafuta neno la Kiswahili la miale iliyo ng'ambo ya wekundu huangukia upesi kwenye "miale ya joto". Jina hilo lina asili ya heshima. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, na zebaki ikapanda. Hata hivyo jina hilo linapotosha. Mahali pazuri pa kulipima ni vilima vya chai vya Kisii na Nyamira nchini Kenya, na kifaa cha kulipimia kinaweza kuwa hafifu kabisa: kamera ya plastiki kama Holga, iliyotiwa filamu ya 120 inayohisi infraredi.

Filamu ya Rollei Infrared 400 huhisi mwanga hadi karibu nanomita 820, ilhali jicho hukoma karibu na 700. Lenzi ikifunikwa kwa kichujio kinachozuia mawimbi mafupi kuliko nanomita 720, kinachobaki ni ukanda mwembamba tu, jirani na nyekundu. Joto la mwili wa mtu, au la birika linalochemka, hutoka hasa kwa mawimbi marefu takriban mara kumi ya hayo. Birika hilo likiwekwa katika chumba chenye giza, filamu haitanasa kitu. Lakini shamba la Kebirigo, huko Nyamira, likipigwa picha juani, majani ya chai hutoka meupe na anga safi hutoka nyeusi. Majani hayana moto wowote. Klorofili hufyonza mwanga mwekundu lakini huiachia infraredi, na seli za ndani ya jani huitawanya na kuirudisha kwa wingi, hata jani likiwa bado na umande. Kamera yenyewe inashuhudia hayo: kile kidirisha chekundu cha mgongoni, cha kusomea namba za picha, hakina budi kuzibwa kwa utepe mweusi, maana hupitisha wekundu pamoja na infraredi, na filamu ikaharibika bila kuguswa na joto.

Wapo watakaosema kwamba "infraredi" halimwambii kitu mchuma chai, na joto analijua. Hoja hiyo ina uzito, ila neno linaloeleweka vibaya ni hasara kubwa kuliko neno geni linaloweza kufafanuliwa. Wengine, kwa kuwa tuna "urujuanimno", watapendekeza "nyekundumno". Lakini "-mno" huashiria kupita kiasi, na infraredi imeipungukia nyekundu kwa masafa. Tena msomaji atadhani ni wekundu uliokolea. Ni afadhali kushika "infraredi", kisha kutofautisha infraredi ya karibu, inayonaswa na filamu, na infraredi ya mbali, inayotoka kwenye vitu vyenye joto la kawaida.

Suala hili haliishii kwa wapiga picha. Tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat irushwe mwaka 1972, setilaiti zimekuwa zikipima mimea kwa infraredi ya karibu, na katika picha zake za rangi bandia mimea yenye afya huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Mkulima wa Nyamira akionyeshwa picha hiyo na kuambiwa kwamba ni "miale ya joto", ataamini shamba lake linaungua, wakati ndipo chai yake imestawi kuliko kawaida.