Maji Kidogo, Maji Mengi: Ubishi Wetu Haukuanzia Kisii

Huku kwetu ukipenda mtu wa dhehebu lingine, swali gumu si mahari. Ni hili: "Ulibatizwa vipi?"

Binamu yangu amekwama hapo. Ni Mkatoliki, alimwagiwa maji kichwani akiwa mtoto mchanga. Mchumba wake ni Msabato wa Nyamira, na watu wao wanataka azamishwe upya. Nyanya yetu naye anasema akikubali, atakuwa ametupa ubatizo wake wa kwanza. Harusi imesimama.

Sasa wacha niwaambie. Chuo niliacha, kusoma sikuacha.

Misheni ya Kikatoliki ilianza Nyabururu 1911. Wasabato wakaanza Nyanchwa 1912. Ni rahisi kudhani ubishi ulizaliwa hapo. Wapi!

Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo kinaitwa Didache. Wasomi wengi wanakiweka karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Kinasema ubatize kwa maji yanayotiririka, fikiria Mto Gucha. Kama hayapo, tumia maji mengine. Kama hayatoshi, mimina kichwani mara tatu. Msabato atasema mto umetajwa kwanza. Kweli. Mkatoliki atasema kumimina kumekubaliwa. Pia kweli.

Na watoto? Karibu mwaka 200, Tertullian wa Carthage, Tunisia ya leo, aliandika kwamba ni afadhali kungoja watoto wakue. Lakini hebu fikiria: mtu hapingi jambo ambalo halifanyiki. Watoto walikuwa wakibatizwa, na tayari kuna mtu hakuwa amefurahia.

Huyo Tertullian, Mwafrika kama sisi, ni kati ya Wakristo wa kwanza tunaowajua kuuita ubatizo *sacramentum*. Ndiko tulikotoa neno sakramenti. Kwa Warumi, hicho kilikuwa kiapo cha askari anapojiunga na jeshi. Hesabu ya sakramenti saba ilikuja kuzoeleka baadaye sana, karne ya 12.

Kwa hivyo wazee wangu, kwa heshima: kila upande una babu zake wa imani, na hao babu waliishi ndani ya kanisa moja wakibishana. Askari haulizwi alikula kiapo akiwa amelowa kiasi gani. Anaulizwa kama bado anakishika.

Muulizeni binamu yangu hilo. Halafu mtuachie tarehe ya harusi.