Nafasi ya Oili: Dhana na Jina Lake

Baina ya beringi na mhimili uzungukao ndani yake pana uwazi mdogo mno, ambao mafundi wa injini huupima kwa makini. Katika kuutafutia istilahi, maneno matatu hujitokeza: mwanya, upenyo na nafasi. Tumeona kwamba historia ya jambo lenyewe yaweza kutuamulia.

Mwaka 1883 Beauchamp Tower, mhandisi wa Kiingereza, alikuwa akizifanyia majaribio beringi za namna iliyotumiwa katika ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi. Oili ikapanda na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo cha mbao, nacho kikasukumwa nje. Ndipo ilipodhihirika kwamba uwazi ule haukuwa mtupu: oili iliyovutwa na mzunguko ndiyo iliyoubeba mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu namna itokeavyo.

Afufuaye leo injini ya Ford Model T, gari lililotengenezwa Marekani tangu 1908 hadi 1927, huyaona hayo mikononi mwake. Beringi zake ni za babiti, metali laini iliyopewa jina la Isaac Babbitt, aliyepata hataza mwaka 1839. Humiminwa ikiwa imeyeyushwa. Fundi huipaka rangi ya buluu krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, akaizungusha, kisha akakwangua kila palipopata rangi mpaka mguso uenee. Halafu huongeza au kupunguza shimu, vipande vyembamba vya metali vikaavyo chini ya kofia ya beringi. Kanuni ya zamani ni kuacha sehemu 1 kati ya 1,000 ya inchi kwa kila inchi 1 ya kipenyo cha krenki. Ikibana, oili haiingii na babiti huyeyuka; ikilegea, oili hukimbia na injini hugonga.

Msomaji ameshaona kasoro ya "upenyo": halitakaa salama katika sentensi moja na "kipenyo". "Mwanya" (tunalipenda kwa ufupi wake) hutaja pengo, kama la meno, na pengo halina kitu. Hapa kitu kimo. Twapendekeza "nafasi ya oili". Wala "oili" isibadilishwe kuwa "mafuta", kwani gereji "mafuta" ni petroli au dizeli, na mwanafunzi wa ufundi asomaye kitabu peke yake hana wa kumsahihisha kabla beringi haijaungua.