Siku Mbili katika Mji Mweupe

Msomaji wangu, nifuate katika safari ya siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, tarehe 28 na 29 Oktoba, mwaka 1893. Jaalia kuwa wewe ni mgeni uliyevuka bahari ukafika Chicago, mji wa Marekani ulio kando ya Ziwa Michigan, ili uyaone Maonyesho Makuu ya Dunia kabla hayajafungwa. Yalifunguliwa tarehe 1 Mei, Rais Grover Cleveland alipobonyeza kitufe na mitambo ikaanza kunguruma. Yatafungwa Jumatatu. Umechelewa, lakini hukukosa.

Mji huu uliteketea kwa moto mwaka 1871, na wenyeji wake wana hamu kubwa ya kuonyesha kwamba wamesimama tena. Sababu waliyoitangaza ni kuadhimisha miaka 400 tangu Columbus afike katika nchi zile mwaka 1492; ukihesabu utaona kuwa wamechelewa mwaka mmoja, maana matayarisho hayakuwahi. Basi lipa nusu dola mlangoni, uingie. Mbele yako ziko ekari zaidi ya 600 za majumba, mifereji na bustani, na majumba makubwa karibu yote yamepakwa rangi nyeupe, hata watu wakapaita Mji Mweupe. Jumba moja la viwanda lina urefu wa futi 1,687; wakati ule halikuwapo jengo kubwa kuliko hilo duniani. Lakini usidhani kuta hizo ni za mawe. Ni jasi iliyochanganywa na nyuzi, ikabandikwa juu ya mbao na vyuma. Wahenga wetu wana neno lao juu ya nguo ya kuazima. Walijua, sina haja ya kulitaja.

Usiondoke bila kupanda gurudumu la Bwana Ferris, mhandisi aliyetaka kuwajibu Wafaransa waliojenga mnara wa Eiffel mwaka 1889. Lina kimo cha futi 264, na vyumba 36 vinavyoning'inia, kila kimoja kikichukua watu 60. Ikiwa umewahi kuona watoto wakizungushwa angani katika maonyesho ya kilimo ya Nairobi au Mombasa, basi umemwona mjukuu wa gurudumu hili.

Ukiwa juu, tazama chini. Njia ile ndefu iliyojaa watu huitwa Midway, mahali pa michezo na biashara. Humo mna mtaa wa Kairo, na mna kijiji kilichoitwa cha Dahomey, ambamo Waafrika waliwekwa nyuma ya ua ili watu walipe kiingilio na kuwatazama wakicheza ngoma. Wakati uo huo majeshi ya Ufaransa yalikuwa yakimsaka Mfalme Behanzin katika nchi yake. Alijisalimisha Januari 1894. Je, kama mgeni huyu angekuwa babu yako, angesimama upande upi wa ua ule?

Sasa njoo huku, kwenye jengo ambalo wageni wengi walilipita bila kulitupia jicho. Ni jengo la Haiti, taifa la watu weusi waliojikomboa kwa vita wakatangaza uhuru mwaka 1804. Aliyewekwa na serikali ya Haiti kulisimamia ni Mzee Frederick Douglass, Mmarekani aliyezaliwa mtumwa, akatoroka mwaka 1838, na baadaye akawa balozi wa nchi yake huko Haiti. Tafakari jambo hili. Rais wa Marekani alipochagua wajumbe wa halmashauri ya taifa ya maonyesho, hakumchagua mtu mweusi hata mmoja. Mzee huyu alipata nafasi katika maonyesho ya nchi yake mwenyewe kwa hisani ya taifa geni.

Katika jengo hilo ndimo wageni walimogawiwa kijitabu kilichohaririwa na Bibi Ida B. Wells. Mwaka 1892 rafiki zake watatu waliuawa na kundi la watu huko Memphis, bila hukumu ya korti. Alipoyaandika hayo katika gazeti lake, ofisi yake ilivunjwa, asiweze kurudi. Kijitabu chake kilieleza kwa nini Wamarekani weusi hawakuonekana katika maonyesho, na kikaorodhesha mauaji kama hayo. Dibaji yake ilipigwa chapa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Unaona shabaha yake? Hakikuandikwa kwa ajili ya mwenyeji tu. Kilikulenga wewe, mgeni.

Wawili hao hawakupatana katika kila jambo. Wakuu wa maonyesho walipotenga tarehe 25 Agosti iwe siku ya watu weusi, Bibi Wells aliona ni dhihaka, akakataa kwenda. Mzee Douglass alikwenda, na alipozomewa aliweka kando karatasi zake akanguruma kama simba. Bibi Wells aliposoma habari za hotuba hiyo, alimwendea mzee katika jengo la Haiti, akamwomba radhi. Mimi naona wote wawili walikuwa na haki.

Jioni hiyo ya Jumamosi meya wa mji, Carter Harrison, ambaye mchana aliwahutubia mameya wenzake akisema anatumaini kuishi zaidi ya nusu karne tena, alipigwa risasi nyumbani kwake akafa. Kwa hiyo Jumapili unaingia na kukuta msiba. Hata bila msiba, Jumapili haikuwa siku ya shangwe. Bunge lilikuwa limetoa msaada wa dola 2,500,000 kwa sharti malango yafungwe siku hiyo. Wengine wakasema Jumapili ndiyo siku pekee mfanyakazi aliyopumzika, aonyeshwe lini? Shauri likafika mahakamani, malango yakafunguliwa, lakini mashine nyingi zilizimwa na vitu vingi vikafunikwa vitambaa. Mfanyakazi alilipa nusu dola ile ile.

Sherehe za kufunga zilifutwa. Majira ya baridi yaliyofuata, maskini waliokosa kazi walilala katika kumbi zile tupu, na mwaka 1894 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Mji Mweupe. Jumba la sanaa lilisalia, likajengwa upya kwa mawe, na sasa ni makumbusho. Jengo la Haiti halipo tena. Kijitabu cha Bibi Wells kilipigwa chapa upya mwaka 1999, na ukipenda waweza kukisoma.