Saa tisa asubuhi ni saa ngapi?

Majuzi hapa Juja, shosho mmoja jirani yangu alinisimamisha langoni akiwa ameshika simu ya mjukuu wake.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Saa tisa asubuhi ni saa ngapi?"

Lilikuwa tangazo la kupimwa macho bila malipo, lililotolewa katika kalenda ya shughuli kwenye tovuti ya taasisi ambayo sitaitaja. Kalenda hiyo ilikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo. Mwaka huu wenyewe wakaamua kuongeza Kiswahili, Kikuyu na Kikamba, jambo la kupongezwa. Ila aliyetafsiri, awe mtu au mashine, aliiona 9:00 ya Kiingereza akaiandika "saa tisa".

"Shosho, hapo walimaanisha saa tatu."

Akaguna. "Ndiyo maana. Jana nilienda saa tisa alasiri nikakuta wanakunja viti."

Kisa hicho kimenifanya nirudi kwenye historia ambayo wengi wetu tunaibeba mdomoni bila kuiona. Majina ya siku na saa si vibandiko vya kubandua hapa na kubandika pale. Ni hesabu, na kila hesabu ina pahali inapoanzia.

Tuanze na saa. Mswahili huhesabu kutoka jua linapochomoza. Juja iko takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Saa ya kwanza ya mwangaza ikiisha, ni saa moja. Likitua, tunaanza upya. Waganda huhesabu hivyo, na Waamhara wa Ethiopia vilevile. Mwingereza naye huanza hesabu yake usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili. Kule pwani, siku yenyewe kwa desturi huanza magharibi. Mwenyeji wa Lamu akikualika "usiku wa Ijumaa", uliza vizuri. Huenda anamaanisha Alhamisi baada ya jua kutua.

Sasa siku. Ijumaa ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika, kwa sababu ya sala ya pamoja. Waswahili wakaifanya kilele cha wiki, kisha wakahesabu kutoka hapo: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, hadi Jumatano, ya tano. Halafu ghafla hesabu inakatika na inaingia Alhamisi, ambayo pia inatokana na tano, ila ni tano ya Waarabu wanaoanzia Jumapili. Kwa hiyo wiki yetu ina "siku ya tano" mbili zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, na hakuna anayelalamika!

Bara mambo yakawa mengine. Kikuyu kilikopa hesabu ya Waswahili karibu nzimanzima: Njumatatũ, Njumaine, Njumaa. Jumapili tu ndiyo iliyobaki na jina lake, Kiumia. Lakini jirani zao Wakamba huanza kuhesabu Jumatatu. Jumanne kwao ni Wa kelĩ, ya pili, na Ijumaa ni Wa katano, ya tano. Wajaluo nao husema Wuok Tich, yaani kutoka kwenda kazini, wakimaanisha Jumatatu. Jumanne ni Tich Ariyo, kazi ya pili, na Ijumaa ni Tich Abich, kazi ya tano.

Ukitazama majina hayo unaona ni nani aliyekuwa akiwaita watu. Pwani aliita mwadhini. Kwingineko, naona, ni kengele ya mwajiri na ya kanisa. Mashamba ya kahawa na mkonge ya huku Thika na Ruiru yaliajiri vibarua wengi enzi za ukoloni. Kibarua alipewa tikiti ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama. Mtu wa namna hiyo angehesabia wiki yake wapi kama si siku ya kutoka kwenda kazini?

Hata Kiswahili chenyewe hakina sauti moja. Mashariki mwa Kongo wapo wanaoita Jumatatu "siku ya kwanza", Ijumaa "siku ya tano", na Jumamosi "siku ya posho", jina linalokumbusha mgao wa chakula waliopewa wafanyakazi. Miezi nayo ni vivyo hivyo. Mwezi wa sita kwetu ni Juni. Mfungo sita wa Waswahili, unaohesabiwa baada ya Ramadhani, ni mwezi wa Maulidi, na kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11.

Basi anayetafsiri kalenda kwa kutafsiri tarakimu atapoteza watu. Akiona "nne" ndani ya Jumanne akaandika Wa kana, Mkamba atafika Alhamisi, mpole na mwenye haki, na mlango umefungwa.

Kwa bahati nzuri kazi ya majina imekwisha kufanywa. Hazina ya data ya CLDR, inayotunzwa na shirika la Unicode, ina majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, Kikuyu, Kikamba, Dholuo na lugha nyingine za Kenya, na programu nyingi huchota humo. Kinachobaki ni saa. Hapo anahitajika mtu anayejua kwamba 9:00 ya asubuhi husomwa saa tatu. Ushauri wangu ni rahisi: jina la siku liandamane na tarehe, na saa iandikwe kwa maneno, kisha msemaji wa lugha husika aisome kabla haijachapishwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka serikali kukuza lugha nyingine za wananchi. Ni ahadi nzuri. Lakini tangazo linalomfikisha mtu saa sita baadaye halijamhudumia kwa lugha yake. Limempotosha kwa lugha yake.

Shosho ameniambia macho yatapimwa tena Njumaine. Siku hawezi kuikosa, maana Kikuyu chake na Kiswahili changu vinahesabu pamoja. Saa nimemwandikia mwenyewe kwenye karatasi: saa tatu asubuhi.