Saro: hodi ya Desemba Tarime

Mwalimu anayehamishiwa Tarime, mkoani Mara, mwezi Novemba hufika na mke, watoto na godoro lililofungwa kamba juu ya Noah. Anapanga nyumba, anasalimiana na majirani, anaonja kichuri na kukisifia kwa adabu. Hakuna anayemwambia kinachokuja, kwa sababu kila mtu anadhani anajua. Halafu asubuhi moja ya Desemba filimbi zinalia barabarani, madumu yanapigwa, geti linatikiswa. Akichungulia anaona dume zima limevaa gauni la maua, uso umepakwa unga, kengele ya ng'ombe shingoni. Nyuma yake yupo aliyebeba bunduki ya mti, na wengine wana mapanga, tena ya kweli. Mtoto wa mwisho anaangua kilio.

"Mura, toa hela ya saro!"

Anatoa buku moja, wanamchezea kidogo, wanakwenda kwa jirani.

Marekani nako, jioni ya Oktoba 31, watoto hujifunika sura za mizimu na kubisha hodi nyumba hadi nyumba wakiomba pipi. Desturi hiyo, Halloween, ilipelekwa kule na wahamiaji wa Ireland na Scotland, na familia iliyohamia mtaa mpya huitumia kujuana na majirani. Tarime hakuna pipi. Anayesherehekewa ni yule kijana aliye katikati ya kundi, amefunikwa shuka, anatembea taratibu miguu ikiwa mbalimbali. Ametoka kutahiriwa. Ndugu zake wanampeleka nyumbani, na kelele zote zile ni za kumfanya asione urefu wa njia.

Kwa Wakurya, wenyeji wa Tarime, saro ni msimu, na pia ni rika. Waliotahiriwa pamoja hupewa jina moja, mara nyingi kutokana na tukio la wakati ule, na hubaki nalo hadi uzeeni. Kwa hiyo mzee asiyejua mwaka aliozaliwa anaweza kukutajia saro yake, nawe ukapiga hesabu. Anayeamua msimu ufunguliwe ni inchama, baraza la siri la wazee wa mila wa kila ukoo: Wairegi, Wanchari, Wakira, Watimbaru, Wanyamongo na wengineo. Koo nyingi hufuata miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwezi Desemba wenyewe haukutoka kwa mizimu, ulitoka kwa wizara: shule zilipoenea, mila ikalazimika kusubiri likizo ndefu.

Hata ile bunduki ya mti huenda haikuja bure. Wakurya waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na hadi leo sifa ya uaskari wanayo. Huenda gwaride lilihamia kwenye ngoma.

Ningependa kuishia hapo, kwenye gauni la maua na filimbi. Lakini msimu huohuo wasichana nao hukeketwa. Asiyekeketwa huitwa msagane, neno linalomfuata kisimani na hata kwenye nyumba ya mume. Kuna na hela ndani yake: mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, ngariba hulipwa kwa kila kichwa, na wazee wana mgao wao. Ukisikia mtu akisema "ni mila tu," muulize hela inaishia kwa nani.

Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja mzuri mnadani. Sheria ilipotungwa, mila ilijifunza kujificha. Wasichana waliokuwa wakisindikizwa mchana kweupe sasa mara nyingi hukatwa usiku wa manane, au huvushwa Sirari waingie Kenya. Mpaka ule Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake mwaka 1886, ukakata Ukurya vipande viwili. Haukuwahi kuwatenganisha ndugu, ila polisi unawasimamisha vizuri kabisa.

Wasichana nao walijifunza kukimbia. Upande wa Tarime hukimbilia kituo cha Masanga. Upande wa Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa Mugumu mwaka 2014 chini ya Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba Mugumu na Butiama.

Kikwazo kimoja kilikuwa cha ajabu: ramani. Msichana anapiga simu usiku, anataja kijiji, na gari la polisi halijui pa kukata kona, kwa kuwa njia za vijiji vingi vya Serengeti hazikuwa zimechorwa popote. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza 2015, ukawapa kazi watu wa kujitolea duniani kote. Mtu aliyekaa jikoni kwake Ulaya anatazama picha ya setilaiti na kuchora njia za ng'ombe ambazo hatazikanyaga maishani.

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kupungua: mkoa wa Mara ulikuwa na asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 28 mwaka 2022. Ni polepole. Ila wavulana bado wanatahiriwa, filimbi bado zinalia na dume lenye gauni bado linagonga geti. Sherehe haikupungukiwa kitu.

Januari madumu yakinyamaza, kazi huhamia Mugumu. Wazazi huitwa, hukalishwa mbele ya polisi na ustawi wa jamii, husaini ahadi ya kutomgusa binti, kisha huondoka naye. Wengine hukataa kalamu. Binti wa hao hubaki, hununuliwa daftari, na shule zikifunguliwa anaanza darasa palepale, katika mji asikomjua mtu.